Mkanda wa pili

"Bamdogo, hapo umetupiga kamba."

Siku ya nne leo na bado naisikia. Nikishika bisibisi naisikia, nikipuliza vumbi kwenye tundu la chaji naisikia. Dada kajifungua Jumapili, wa kike, wote wazima, na mwenye fremu kapandisha kodi. Mimi nimekaa nahesabu miezi ya mwaka 1997 kwa vidole.

Ilikuwa Jumamosi mchana, jua la Makoroboi, hapa Mwanza, mnalijua. Wateja watatu kwenye benchi wanasubiri simu zao, na mtoto wa kaka kaja kunisaidia kama kawaida yake. Mmoja akaanzisha habari za picha za zamani. Nikasema mwaka wa picha ulikuwa 97, mingine ilisindikiza tu, nikaanza kuwatajia. Face/Off, John Travolta na Nicolas Cage wanabadilishana sura mpaka hujui umshangilie nani. Anaconda, iliyotufanya watoto wa Kirumba tuogope kuoga ziwani wakati joka lenyewe ni la Amazon. Air Force One, Harrison Ford ni rais wa Marekani lakini magaidi anawatwanga kwa mkono wake mwenyewe. Na za Kihindi, maana tusijifanye: Judwaa, Salman Khan wawili kwa kiingilio kimoja, na Dil To Pagal Hai, ambayo dada zetu waliirudia mpaka mkanda ukawa chenga tupu.

Halafu nikamalizia na kisa changu cha Titanic. Nimeshakiandika hapa, labda mara tatu. Banda la video, Desemba 97, mabenchi ya mbao, kiingilio sh. 50. Sheria ya banda ilikuwa moja: steringi, yule shujaa wa picha, hafi. Atapigwa, atafungwa kamba, atatupwa mtoni, lakini hafi. Basi Jack kaganda majini, Rose yuko juu ya ubao, Jack anashuka taratibu gizani, na banda zima limenyamaza likisubiri aibuke. Haibuki. Jamaa mmoja akasimama akamfuata mwenye banda: "Steringi kafa, nipe hamsini yangu."

Hapo wateja hucheka siku zote. Jumamosi pia walicheka.

Dogo hakucheka. Alikuwa na simu mkononi. "Bamdogo, hapa wanasema Marekani kwenyewe imetoka Ijumaa tarehe 19 Desemba 1997. Mpaka mkanda ufike Kirumba, mwaka si ushaisha?" Kwa adabu kabisa. Halafu ndo ile ya kamba.

Na mimi, mtu mzima ambaye mvi zimeshaanza, nikamjibu: "Kwani wewe ulikuwa umezaliwa?"

Hilo jibu, jamani. Usiku nimelitengeneza upya mara ngapi sijui. Ningesema, basi itakuwa 98 mwanzoni. Ningecheka tu. Ningemwambia sawa profesa, shika hii soda. Badala yake nimemuuliza mtoto aliyezaliwa zaidi ya miaka kumi baadaye kama alikuwa amezaliwa. Mteja mmoja akakohoa. Dogo akasema "Samahani, bamdogo," akainama akaendelea kufungua skrubu. Hiyo samahani imeniuma kuliko kamba.

Jana jioni nikampigia mama, eti kumpongeza kwa mjukuu. Kweli ni kwamba nilitaka shahidi.

"Mama, Titanic tuliangalia lini?"

Akanyamaza kidogo. Mama miaka ile haihesabu kwa kalenda, anaihesabu kwa meli. "Meli ilikuwa imetimiza miaka miwili," akasema. MV Bukoba ilizama Ziwa Victoria tarehe 21 Mei 1996. Basi ni 98, na katikati ya mwaka huko, dogo kanishinda vizuri tu. Nikawa tayari kukata simu.

"Lakini wewe hukuiona yote," akaongeza.

"Niliiona mama, bandani."

"Bandani alikwenda kaka yako. Wewe uliona mkanda wa kwanza, pale kwa jirani. Wa pili niliuchukua mimi."

Alivyosema hivyo, sebule ile ikanirudia. Runinga yenye kitambaa cha kufuma juu yake, watu wazima kama kumi, sisi watoto chini kwenye mkeka. Picha ni ya zaidi ya saa tatu, kwa hiyo ilikuja kwenye mikanda miwili. Wa kwanza ulipoisha mama akauliza, "Na huo mwingine una nini?" Baba mwenye nyumba akajibu huku anautoa kwenye ganda, "Ndo meli inazama sasa."

Mama akanyoosha mkono, akaupokea, akauviringisha kwenye pindo la kanga. Akanishika mkono tukatoka.

Hakuna aliyesema neno. Watu waliokuwa wakigombania hata nafasi ya kukaa, hakuna aliyedai mkanda. Mama mkubwa alikuwa amepandia MV Bukoba bandari ya Kemondo na mikungu yake ya ndizi. Walikufa watu zaidi ya 800, na kila mtu mle sebuleni alijua jinsi meli ile ilivyoelea tumbo juu mpaka ilipotobolewa, hewa ikatoka, ikaenda chini moja kwa moja. Baadhi yao walishika koleo kwenye mazishi kule Igoma. Asubuhi mama akarudisha mkanda, na bakuli la vitumbua juu yake.

Kaka ndiye aliyekwenda bandani na sh. 50 yake. Usiku, ndani ya chandarua, akanisimulia mkanda wa pili kwa kunong'ona, mwanzo mpaka mwisho. Yule jamaa wa hamsini alimwiga mpaka kikohozi chake. Jack anashuka gizani, nilimwona kwa mdomo wa kaka. Nilipokuja kuiona picha yenyewe chuoni, kwenye sidii, nilikuwa najua kila kitu kabla hakijatokea. Sijui ni lini nilijisogeza mwenyewe nikakaa kwenye benchi lile.

Kwa hiyo kisa ni cha baba yake. Dogo alikuwa na miaka miwili tulipomzika kaka. Huwa ananiuliza baba alikuwa mtu wa namna gani, na mimi namjibu alikuwa mpole, alipenda mpira. Kumbe hiki nimekuwa nikiwapa wateja.

Atakuja Jumamosi. Bado sijui nitaanzia wapi.

Na kioo cha simu ya yule mama wa dagaa wa Mwaloni hakijafika. Hela nilituma Kariakoo Alhamisi. Muuzaji anaapa kakiweka kwenye basi, konda anasema hajapewa mzigo wowote. Mama mwenyewe leo kapiga mara tatu, kwa simu ya mwanawe.