Klachi ya AC Iliyogoma Ikipata Moto

Gari lilikuwa dogo la aina ya saluni, lililokula miaka, na ugonjwa wake ulielezeka kwa sentensi moja: asubuhi AC inapoza vizuri, mchana kwenye foleni inaanza kupuliza hewa ya moto, ukiegesha injini ikapoa, jioni inapoza tena. Mwenyewe, mama mtu mzima, alikuwa ameshaambiwa na gereji moja aongeze gesi, akaongeza. Gereji ya pili ikamwambia kompresa, ile pampu ya gesi ya AC, imekufa, anunue nyingine pamoja na draya yake, chupa ya kunyonya unyevu.

"Mwanangu, kama ni kompresa niambie mapema, nirudi zangu kufungua vioo."

"Subiri kwanza, mama. Kompresa iliyokufa haifufuki jioni."

Na gesi iliyovuja nayo hairudi. Mfumo uliopungukiwa gesi una tabia yake: klachi, sumaku inayoiunga kompresa na mkanda wa injini, inanasa na kuachia kila baada ya sekunde chache, kwa sababu kompresa ikivuta kidogo tu presha inashuka, swichi ya presha inakata, presha ikipanda inaunga tena. Utaisikia ta, ta, ta mbele ya injini, na haichagui asubuhi wala mchana.

AC inayopoza, ikakata, halafu ikarudi yenyewe, kwangu ina washukiwa watatu. Wa kwanza ni unyevu ndani ya mfumo: maji kidogo yanaganda kwenye tundu la vali ya kutanulia gesi, njia inaziba, ukizima yanayeyuka. Wa pili ni evaporeta, rejeta ndogo ya ubaridi nyuma ya dashibodi, kushika barafu kwa nje, na huyo unamjua kwa upepo, maana feni ya ndani inanguruma lakini kinachotoka kwenye dashibodi ni hafifu. Wa tatu ni klachi ya kompresa. Kuwatenganisha hakuhitaji mashine yoyote. AC ikikata, fungua boneti umulike uso wa kompresa kwa tochi. Sahani ya mbele ya klachi ikiwa inazunguka pamoja na puli, gurudumu linalozungushwa na mkanda, klachi haina kosa, katafute barafu. Puli ikizunguka huku sahani imesimama, umeshafika.

Nilianza na geji za presha ya gesi wakati gari bado la baridi, injini imezimwa, kivulini, joto nyuzi 30. Pande zote mbili, wa presha ndogo (chini) na wa presha kubwa (juu), zilisoma psi 97 hivi, na hapo ndipo R134a, gesi ya AC ya gari hili, inapokaa kwenye joto hilo. Wengi wakiiona namba hiyo wanasema gesi imejaa. Haisemi hivyo. Inasema tu kwamba ndani bado kuna gesi iliyo kimiminika. Ziwe gramu 150 au gramu 450, presha ya gari lililozimwa ni ile ile mradi kimiminika hakijaisha. Kilichonifaa ni kujua kwamba mfumo si mtupu, na kwamba haukujaa hewa, kwa sababu hewa ingeipandisha juu ya hapo.

Nikawasha, injini mizunguko 1,500, AC baridi ya mwisho. Upande wa chini psi 45, upande wa juu 290, na nje kumeshafika nyuzi 32. Kwa joto hilo upande wa juu ulitakiwa uwe kati ya 200 na 225. Niliiweka akilini hiyo 290, nikafunga boneti, nikaliacha gari lijipashe moto lenyewe likiwa limesimama.

Ilipokata, puli ilikuwa inazunguka na sahani imetulia tuli. Nikachomoa kidogo kifuniko cha soketi ya koili, waya uliosokotwa unaotengeneza sumaku ya klachi, nikagusisha multimita kwa nyuma: volti 13.6 kati ya waya wa koili na bodi ya kompresa yenyewe. Kipimo hicho kimoja kinasafisha orodha ndefu. Fyuzi nzima, rilei nzima, swichi ya presha imeunga, kompyuta imeruhusu, na kwa kuwa nilipima hadi kwenye bodi ya kompresa na si kwenye betri, ethi, njia ya umeme kurudi kwenye betri, nayo nzima. Umeme unafika, klachi hainasi.

Hapa kuna mtego. Kompresa nyingine zina kikata-joto kidogo kilichounganishwa kwenye njia ya koili, na nacho kikifunguka multimita itakuonyesha volti 13.6 hizo hizo huku hakuna umeme unaopita. Kwa hiyo zima, chomoa soketi, pima ukinzani wa koili papo hapo kabla haijapoa. Ikisoma hakuna njia, ni kikata-joto au koili imekatika. Hii ilisoma omu 4.6. Asubuhi ikiwa baridi ilikuwa imesoma 3.6.

Watu wanaona tofauti ya omu moja wanaidharau, na ndiyo habari yote. Waya wa shaba ukipata joto, ukinzani wake unapanda kama asilimia 4 kwa kila nyuzi 10. Kutoka 3.6 kwenda 4.6 maana yake koili imepanda nyuzi 70 hivi juu ya joto la asubuhi, yaani iko kwenye nyuzi 100, jambo la kawaida kabisa pale ilipo. Lakini umeme unaopita umeshuka kutoka ampea 3.8 hadi ampea 3, na nguvu ya sumaku inakwenda na mraba wa umeme: imebaki kama asilimia 60 ya ile ya asubuhi. Asilimia 60 hiyo inatosha vizuri tu, kama sahani iko karibu. Ikiwa mbali, koili inaivuta na kuishindwa, kwa sababu sumaku inapoteza nguvu haraka sana kila pengo linapoongezeka.

Kulithibitisha sikuingiza mkono kwenye mkanda unaozunguka. Wapo wanaogonga sahani kwa mpini wa nyundo injini ikiwa inanguruma, na wapo waliokosa vidole. Injini ikiwa imezimwa lakini bado ya moto, nilichukua waya wenye fyuzi ya ampea 10, upande mmoja kwenye chanya ya betri, mwingine kwenye pini ya koili. Kimya. Nikauacha waya pale pale, nikaisukuma sahani kwa kidole gumba. Ta! Ikanata. Nikatoa waya, ikaruka nyuma, nikarudisha waya, kimya tena, nikasukuma, ikanata. Nilimwita mama aje aone. Alisukuma mwenyewe, akashtuka ilivyomnyakua kidoleni.

"Sasa hii ndiyo wanataka nibadilishe kompresa nzima?"

"Hii, mama."

Pengo nililipima gari likishapoa, kwa fila geji, vile vibapa vya kupimia nafasi, sehemu tatu kuzunguka sahani, kwa sababu sahani iliyopinda itakudanganya ukipima sehemu moja. Nilipata milimita 0.80, 0.85 na 0.90. Kompresa ya aina ile inataka kati ya 0.35 na 0.65. Hakuna kilichovunjika hapo. Kila klachi inaponasa, sahani inateleza kidogo kwenye uso wa puli kabla haijashika, na kila mtelezo unakula chuma kidogo. Baada ya miaka pengo linapanuka, na siku ya kwanza unayoligundua ni siku yenye joto kali.

Dawa iko nyuma ya sahani yenyewe. Watengenezaji wanalipanga pengo kwa washa nyembamba zinazovalishwa kwenye shafti. Ukitoa washa, sahani inasogea ndani. Gesi haifunguliwi, bomba haliguswi. Kazi ngumu ni kufika pale. Nilitoa waya hasi wa betri, nikainua upande wa kulia na kuuweka juu ya stendi za chuma, jeki peke yake haitoshi, nikatoa tairi, plastiki ya kuzuia matope na mkanda. Kompresa ikawa inanitazama.

Katikati ya sahani kuna bolti ndogo, bokisi namba 10. Ukiifungua tu, sahani inazunguka nayo. Nilitumia kipande cha bapa chenye bolti mbili zilizoingia kwenye matundu ya sahani; chombo cha kuundwa dakika chache. Bolti ikatoka, sahani ikabaki, imeshikwa na kutu kwenye meno ya shafti. Hapa ndipo sahani nyingi zinaharibiwa: mtu anaingiza bisibisi upande mmoja anabinua, inapinda, na baada ya hapo inakwaruza puli hata AC ikiwa imezimwa. Sahani za aina ile zina nyuzi katikati, pana kuliko za bolti inayozishika. Unaingiza bolti ya M8 kwenye nyuzi hizo, ncha yake inasukuma shafti, sahani inatoka wima yenyewe.

Ndani nilikuta washa tatu, zimeng'ang'aniana kwa kutu kiasi cha kuonekana moja. Nikazitenganisha kwa wembe na kuzipima: 0.5, 0.3 na 0.1. Hesabu ni rahisi. Kutoa ya 0.5 kungeliacha pengo kati ya 0.30 na 0.40, na upande ule wa 0.30 uko chini ya kipimo, sahani ingeweza kugusa puli hata AC ikiwa imezimwa na kuunguza uso wake. Kutoa ya 0.3 peke yake kungeacha 0.60 upande mmoja. Ingefanya kazi, lakini ingerudi nje ya kipimo mapema. Nilitoa ya 0.3 na ya 0.1 pamoja, ikaja kati ya 0.40 na 0.50. Nyuso mbili nilizisugua kwa msasa laini kuondoa kutu tu, nikazifuta kwa spiriti. Grisi kidogo sana kwenye meno ya shafti, na nyuso zisiguswe na mafuta yoyote. Bolti ile ni M6, Nm 12 zinaitosha. Ukiikaza kama nati ya tairi itakatikia ndani ya shafti, na hapo ndipo kweli utanunua kompresa.

Kabla ya kurudisha mkanda niliizungusha puli kwa mkono. Beringi ilikuwa na mkwaruzo mdogo, si wa kubadilisha bado. Niliangalia pia kama kuna mafuta mbele ya kompresa, kwenye sili ya shafti, maana sili ikivuja mafuta yanarukia klachi na inateleza hata pengo likiwa sahihi. Palikuwa pakavu.

Ikabaki ile 290. Mtu anaweza kuishia kwenye washa na gari likapoza, lakini presha kubwa upande wa juu ni mzigo kwa kompresa na ni joto la ziada kwa koili. Nusu ya ugonjwa ilikuwa imelala hapo. Presha ya juu namna hiyo inaletwa na gesi iliyozidi, hewa ndani ya mfumo, feni inayolegea, au kondensa, rejeta ya AC iliyo mbele ya ile ya injini, iliyoziba. Hewa nilishaitoa kwenye orodha, feni ilikuwa inavuta vizuri. Kondensa kwa mbele ilionekana safi. Nilipomulika katikati yake na rejeta nikakuta blanketi la vumbi, mbegu na mabawa ya wadudu. Nililegeza rejeta juu, nikaisogeza nyuma kidogo, nikaosha kondensa kutoka nyuma kuelekea mbele kwa mpira wa bustani. Mashine ya presha inalaza mapezi ya alumini na kuziba kabisa njia ya hewa. Yaliyokuwa yameshalala niliyanyoosha kwa brashi ya meno na uvumilivu. Na kichujio cha hewa cha ndani, nyuma ya sanduku la glavu, kilikuwa cheusi; hicho tulinunua kipya.

Geji baada ya hapo: chini psi 34, juu 215, nje nyuzi 32. Kwa hiyo gesi sikuigusa. Kibandiko chini ya boneti kilisema gramu 450, na njia pekee ya kujua zimo ngapi ni kuivuta yote kwa mashine, kuipima kwenye mizani, kuvuta vakyumu dakika 30 au zaidi, na kurudisha kwa uzito. Kwa presha kama zile hiyo ni gharama isiyo na sababu. Mama aliuliza kuhusu lile kopo la kuziba matundu ya gesi alilouziwa na gereji ya kwanza, ambalo kwa bahati hakulitumia. Nilimwambia alirudishe. Gundi ile haina macho. Inaweza kuziba tundu la vali kama inavyoziba tundu la kuvuja, na fundi mwenye mashine ya kuvuta gesi akigundua imo atakataa gari lako asije akaharibu mashine yake.

Nilifunga boneti, nikaliacha gari likinguruma palepale kwenye jua, muda mrefu kuliko ule uliokuwa unaikatisha. Kipimajoto kwenye tundu la katikati kilisoma nyuzi 8. Koili ilikuwa ya moto vile vile, omu 4.4, na klachi iliendelea kunasa kila ilipoitwa.

Washa mbili nilizotoa nilimpa kwenye kikaratasi, nikaandika juu yake vipimo vya pengo. Ndani imebaki ile ya 0.5. Pengo likifika tena 0.85, hiyo nayo itatoka na kulirudisha kwenye 0.35. Baada ya hapo hakuna cha kutoa. Itatafutwa sahani na puli vya kompresa ya mtumba, na hata hapo gesi haitafunguliwa.