Wolfskehl na maki zake 100,000

Mtu akitaka kuanzisha tuzo ya hesabu hapa Lubumbashi, tuseme kwa watoto wa sekondari wanaosoma hesabu na fizikia mitaa ya Katuba na Ruashi, ataulizwa kwanza: dola ngapi? Mimi ningeanza na mengine mawili: nani atayasoma makaratasi, na feza italala wapi? Tuzo ya Paul Wolfskehl, maki 100,000 (maki ni feza ya Ujerumani ya wakati ule) kwa atakayethibitisha fumbo la hesabu liitwalo teorema ya Fermat, ilipitia yote mawili. La makaratasi ililitatua vizuri ajabu. La feza lilikaribia kuiua.

Wolfskehl alizaliwa Darmstadt, Ujerumani, mwaka 1856, katika familia ya benki. Alisomea udaktari, lakini ugonjwa wa neva uitwao sklerosisi ulianza kumlemaza akiwa bado kijana, akaona kazi ya kuzunguka vitanda vya wagonjwa haitamfaa. Akageukia hesabu. Berlin alisoma kwa mwanahesabu Ernst Kummer, na mwaka 1886 akachapisha makala kuhusu namba zinazojengwa kwa mizizi ya 11 na ya 13 ya moja (yaani namba ambazo kwa kipeo cha 11 au cha 13 hutoa 1), uwanja uleule ambao Kummer aliulima akiitafuta teorema ya Fermat. Hakuwa tajiri aliyesikia fumbo barazani. Ugumu wake aliujua kwa mikono yake. Kuna hadithi inayopendwa kwamba alipanga kujiua kwa ajili ya mwanamke, akakuta dosari katika kazi ya Kummer, akahesabu hadi alfajiri na saa ya kufa ikampita. Ni tamu kuisimulia, ila ushahidi wake sijauona popote. Kilicho wazi ni wosia alioandika Januari 1905, na kifo chake tarehe 13 Septemba 1906.

Wosia uliahidi maki 100,000 kwa atakayethibitisha kwamba xⁿ + yⁿ = zⁿ haina jibu la namba kamili chanya pale n inapozidi 2: ndiyo teorema ya Fermat. Mtoto wa shule anaielewa sentensi hiyo, na hapo ndipo balaa ilipo. Jaribu 6³ + 8³: unapata 728, na 9³ ni 729. Umekosa kwa moja tu! Au shika mashine ya kuhesabia ya tarakimu kumi, piga 1782 kwa kipeo cha 12, jumlisha na 1841 kwa kipeo cha 12, kisha tafuta mzizi wa 12 wa jumla hiyo. Kioo kitaandika 1922, na mwenye haraka ataruka kwa furaha. Sasa iweke mashine pembeni. 1782 ni shufwa, na shufwa kwa kipeo chochote hubaki shufwa. 1841 ni witiri, nayo hubaki witiri. Shufwa na witiri zikijumlishwa hutoa witiri, lakini 1922 ni shufwa. Basi haiwezekani. Mzizi wenyewe ni 1921.99999996 hivi, na mashine iliukadiria kwa kukosa nafasi ya kuandika zaidi.

Makosa ya wakubwa yalijificha ndani zaidi. Mwaka 1847 mwanahesabu Mfaransa Gabriel Lamé alisimama mbele ya Akademia ya Paris akatangaza uthibitisho. Alichukulia kwamba namba zile za mizizi ya moja hugawanyika kuwa namba tasa kwa njia moja tu, kama namba za kawaida. Si kila mfumo una tabia hiyo. Ukiingiza √−5 kwenye mfumo, 6 inakuwa 2 × 3, lakini pia ni (1 + √−5) × (1 − √−5), na vipande hivyo vinne havivunjiki tena. Kummer alilijua tatizo hilo, akajenga zana za kulizunguka. Chini ya 100, vipeo vya namba tasa vilivyoigomea njia yake ni 37, 59 na 67 tu.

Tuzo ilitangazwa na Jumuiya ya Kifalme ya Sayansi ya Göttingen, mji wa Ujerumani, tarehe 27 Juni 1908, na utamu wote uko kwenye masharti. Jumuiya haipokei andiko la mkono: uthibitisho lazima uwe umechapishwa kwenye jarida au kitabu kinachouzwa. Uamuzi hautolewi kabla ya miaka miwili kupita tangu uchapishwe, ili wataalamu wa kila nchi wautafune. Atakayeleta mfano mmoja tu wa kuivunja teorema hakuahidiwa kitu. Na mlango ungefungwa tarehe 13 Septemba 2007.

Watu hawasomi masharti. Mwaka wa kwanza pekee yalifika maandiko 621. Edmund Landau, profesa wa hapo, alichapisha kadi zenye nafasi mbili tupu, ukurasa na mstari wa kosa la kwanza, akawapa wanafunzi wake wazijaze. Kufikia miaka ya 1970 barua zilizohifadhiwa zilikuwa na urefu wa mita 3 hivi, na mwandishi mmoja alileta nusu ya uthibitisho, akadai maki 1,000 kwanza ndipo atume nusu ya pili. Sokoni kwetu tunamjua huyo.

Wakati mshindi hajapatikana, riba ya feza hiyo haikukaa bure. Ilileta Göttingen wanasayansi wakubwa kutoa mihadhara: Poincaré mwaka 1909, Lorentz 1910, na Niels Bohr 1922. Inasimuliwa kwamba Hilbert, mwanahesabu wa Göttingen, alipoulizwa kwa nini haithibitishi teorema yeye mwenyewe, alijibu kwamba hawezi kumchinja bata anayetaga mayai ya dhahabu.

Kisha ukaja mfumuko. Novemba 1923 maki trilioni moja za karatasi zilibadilishwa kwa Rentenmark moja, yaani maki mpya. Mtu wa hapa haelezwi sana: zaire ya 1967, feza ya Kongo ya zamani, ilikuwa na thamani ya dola 2, mwaka 1993 zaire milioni 3 zikawa zaire mpya moja, na mwaka 1998 zaire mpya 100,000 zikawa franka moja. Zidisha: franka moja ni zaire bilioni 300 za zamani. Maki 100,000 za 1908 zilikuwa sawa na kilo 35.8 za dhahabu safi. Mwanahesabu Mwingereza Andrew Wiles alichapisha uthibitisho wake wa teorema Mei 1995, baada ya kuziba pamoja na Richard Taylor pengo lililogunduliwa mwaka 1993. Alikabidhiwa tuzo tarehe 27 Juni 1997. Ilikuwa maki 75,000 hivi za wakati huo, yaani kati ya dola 40,000 na 50,000. Dhahabu ile mwaka huo ingeuzwa kwa zaidi ya dola 350,000.

Kwa tuzo ya Katuba, basi, ningenakili masharti ya Göttingen karibu yote: jibu libandikwe hadharani shuleni mwezi mzima kabla ya kutoa chochote, wasahihishaji watoke shule nyingine, tarehe ya mwisho iandikwe, na kilichobaki kinunue vitabu. Kiasi kiandikwe kwa dola, lakini noti zisilale kabatini: ikipasuka kidogo pembeni, kambisti, mbadilisha feza wa barabarani, anaikataa au anaikata bei.