Kaunsili imenipokonya robo yangu katikati ya theluji

Bahasha ya kahawia yenye kidirisha. Anayeishi Uingereza anaijua, na anajua haijawahi kuleta habari njema. Ya kwangu imekuja Januari, wiki ya theluji, nimetoka zamu vidole vimekufa ganzi. Kaunsili, yaani halmashauri ya mji, wanaandika kwamba wamepitia kumbukumbu zao na kugundua nyumbani kwangu anaishi mtu mzima wa pili, kwa hiyo punguzo langu la asilimia 25 kwenye kodi ya kaunsili limefutwa tangu Septemba, na tofauti yote ya nyuma nadaiwa.

Huyo mtu mzima wa pili ni binti wa dada yangu, mwanafunzi wa chuo kikuu. Kwa sheria yao wenyewe, mwanafunzi wa masomo ya muda wote hahesabiwi kwenye kodi ya kaunsili. Ukiishi na mwanafunzi, kwao wewe ni kama unaishi peke yako, robo ya kodi inapungua. Barua ya chuo ya kuthibitisha tuliipeleka Oktoba, kwa mtandao, tukapata ujumbe wa "tumepokea". Wamepokea wakakaa kimya, kisha wakaja kunidai.

Kwa mlioko nyumbani Tanzania, kodi hii haina uhusiano na pango. Pango namlipa mwenye nyumba, na hii naipeleka kaunsili kwa sababu tu nina paa. Mwenye nyumba haimhusu, anayelipa ni mpangaji. Nyumba zimepangwa kwa bendi, A mpaka H, kufuatana na thamani yake mwaka 1991. Naam, 1991. Hata nyumba iliyojengwa juzi wanakaa chini wanakadiria ingeuzwa shilingi ngapi mwaka ule. Kwa mwaka 2025/26 wastani wa bendi D hapa England ulikuwa pauni 2,280, na bendi A, tunakokaa wengi wetu tuliokuja kubeba boksi, ni theluthi mbili ya hiyo. Zidisha mwenyewe kwa kiwango cha leo, halafu ukumbuke kodi ya jengo inayokatwa huko ukinunua umeme wa LUKU, ambayo watu wanailalamikia mpaka redioni.

Na hawabembelezi. Ukichelewa unapata ukumbusho wa siku saba. Usipolipa, ile ruhusa ya kulipa kidogo kidogo inaondoka, unadaiwa yote iliyobaki ya mwaka kwa mkupuo, na barua inayofuata ni ya mahakama, ambayo nayo ina gharama zake juu. Nyumbani mjumbe angebisha hodi, akapewa kiti na maji, mkazungumza ya mtaa, akaondoka na ahadi. Hapa hakuna wa kumpa kiti. Nilipiga simu, nikasikiliza muziki mpaka basi langu likafika, nikakata.

Sasa nikuonyeshe mwenzangu hasira yangu ilikuwa imeegemea wapi. Mtaa wangu uko mlimani, mji mmoja wa Yorkshire, na Yorkshire ina milima na mabonde mengi. Theluji ilianguka usiku. Asubuhi barabara kuu ilikuwa nyeusi safi, magari ya kaunsili yamepita usiku kumwaga chumvi, ile ya mawe yenye rangi ya udongo, inayochimbwa chini ya ardhi kule Winsford, Cheshire. Chumvi inakwenda kwanza barabara kubwa, njia za mabasi, kwenye hospitali. Vichochoro kama cha kwangu havimo kwenye ratiba. Wanakuwekea sanduku la njano pembeni ya kilima, limejaa chumvi, mjimwagie wenyewe. Theluji ukiitazama kwenye picha ni nzuri, siku ya kwanza hata miguuni ni nzuri. Ya pili inayeyuka kidogo mchana, usiku inaganda, na unapata kioo. Hapo ndipo wazee wanavunjika nyonga.

Na mimi kazi yangu ni hao wazee. Mimi ni kea, naenda nyumba kwa nyumba, namwamsha mmoja, namwogesha, chai, dawa, mbio kwa mwingine. Wenye gari siku ile walikwama, sisi wa miguu na basi tukabeba na wateja wao. Kampuni ninayofanyia inalipwa na kaunsili, na kwenye bili yangu ya kodi kuna mstari peke yake umeandikwa fungu la huduma za watu wazima. Maana yake ninachangia mshahara wangu mwenyewe. Sikufurahi nilipoligundua hilo, nilicheka tu, kile kicheko cha msibani. (Kwa makea wenzangu wapya: muda wa kutembea kutoka kwa mteja mmoja hadi mwingine kisheria unahesabika kwenye kima cha chini cha mshahara. Andika saa zako kwenye daftari. Usingoje kampuni ikuandikie.)

Nilivyorudi mtaani jioni, na jioni hapa Januari ni saa kumi giza limeingia, nikakuta vijana watatu, Wapakistani wa msikiti wa barabara ya chini, wamelifungua lile sanduku la njano, wanamwaga chumvi kwa koleo kuanzia mlango wa bibi wa kona mpaka kituo cha basi. Mmoja akaniuliza nyumba yangu ni ipi, akaja akapasafisha mlangoni. Sikumwomba. Sijui hata jina lake. Kaunsili wameleta chumvi, watu wakaimwaga, na sijui nimshukuru nani zaidi, ila najua koleo lilishikwa na nani.

Siku mbili baadaye nikaenda maktaba. Sikwenda kusoma. Nilikwenda kwa sababu mama mmoja Mkongo wa jirani, mtu mzima, wa Bukavu, nyumba yake ilikuwa baridi kuliko nje na nilitaka kumtoa kitandani. Ana mita ya umeme na gesi ya kulipia kabla, LUKU yao, na hita anaiwasha wageni wakija tu. Anashinda na koti, kofia, blanketi mbili. Maktaba yetu, kama nyingi nchini humu, imejitangaza kuwa mahali pa joto. Mambo haya yalienea majira ya baridi ya 2022, bei za gesi na umeme zilipopaa baada ya vita ya Ukraine kuanza: maktaba, makanisa, misikiti, kumbi za mitaa, unaingia unakaa, hita inawaka, chai ipo, mara nyingine supu. Hakuna anayekuuliza jina.

Mama Mkongo alikataa katakata. "Miye siwezi enda kule, kule ni kwa bamasikini." Nikamwambia mama, mimi nafanya kazi siku sita na kule naenda, na nyumbani kwangu hita inawaka kwa muda wa saa moja tu asubuhi na saa moja tu usiku. Akaniangalia kwa huruma. Tukaenda. Alipokuta wazee wa Kizungu wanacheza karata na mama wa Kisomali anafuma, akavua koti.

Meza ya pembeni alikaa mama mmoja wa makamo, beji ya kaunsili shingoni, anashauri watu mambo ya bili. Nikajiambia hawa ndio wale wale, ngoja nikamtolee yote. Nikamwekea barua mezani. Akaisoma, akaguna, akasema neno la Kiyorkshire ambalo nadhani lilikuwa tusi, na halikunilenga mimi. Akafungua kompyuta, akaikuta barua ya chuo imelala kwenye mfumo tangu Oktoba, hakuna aliyeigusa. Akampigia mtu wa idara ya kodi kwa simu ya ndani, ile ambayo mimi na wewe hatuna namba yake, akasimamisha deni nikiwa nimekaa pale pale. Kisha akasema pole. Afisa wa serikali, ameniomba radhi, na kikombe cha chai akanisogezea. Nilitaka kugombana nikakosa pa kuanzia.

Hakuishia hapo. Akamgeukia mama Mkongo, nikawa mkalimani. Mama alikuja kama mkimbizi, ana haki zote, na analipwa ile nyongeza ya wazee wenye kipato kidogo. Kumbe kwa hiyo, baridi ikishuka hadi sifuri au chini siku saba mfululizo kati ya Novemba na Machi, anaingiziwa pauni 25 kila wiki ya namna hiyo. Zilikuwa zinaingia benki, yeye anadhani ni makosa ya serikali, hazigusi, anangoja waje kuzidai! Na kuna pauni 150 za kupunguza bili ya umeme ambazo hakuwahi kuzisikia. Wazungu wenyewe nao wamevurugwa. Mzee mmoja ninayemhudumia, zaidi ya miaka 80, mwaka 2024 serikali iliondoa posho ya kupashia nyumba joto majira ya baridi kwa wastaafu wasio kwenye nyongeza hiyo, akapitisha msimu mzima amekaa chumba kimoja. Mwaka 2025 wakairudisha kwa wenye kipato kisichozidi pauni 35,000 kwa mwaka. Kila nikienda ananisimulia hilo upya, na kila mara anamtukana waziri tofauti.

Mimi sina haki hizo. Viza yangu, kama ya wengi wenu, imeandikwa kwamba sina haki ya fedha za umma. Kodi zote nalipa, lakini nikikwama hakuna posho, hakuna nyumba ya kaunsili, hakuna lile punguzo la kodi la watu wa kipato kidogo. Hili linaniuma na halitaacha kuniuma, na asikudanganye mtu kwamba utazoea.

Ila watu wetu wamelipokea sharti hilo vibaya kuliko lilivyoandikwa. Wanaiogopa kaunsili kama polisi. Wanaishi na ukungu mweusi ukutani, watoto wanakohoa, na hawapigi simu kwa kuogopa viza. Punguzo la robo la anayeishi peke yake si fedha za umma, chukua. Maktaba, mahali pa joto, ushauri wa bili, hakuna anayetazama viza. Mkaguzi wa afya na mazingira wa kaunsili anakuja kuangalia nyumba ya kupanga bila kukuuliza uliingiaje nchini. Ukungu si jambo dogo. Rochdale, Desemba 2020, mtoto wa miaka miwili, Awaab Ishak, wazazi wake kutoka Sudan, alikufa kwa sababu ya ukungu wa nyumba waliyopanga kwa shirika la nyumba, na wazazi walikuwa wamelalamika. Sasa kuna sheria yenye jina lake, imeanza Oktoba 2025, inawabana wenye nyumba za kijamii, yaani za kaunsili na za mashirika ya nyumba, wachunguze haraka, na hatari ya dharura ishughulikiwe ndani ya saa 24. Nyumba za watu binafsi bado haijazifikia, ndiyo maana mkaguzi ni muhimu. Mwenye nyumba wangu kila nikimwambia ukungu anasema napika sana. Napika wali, jamani, si kiwanda cha saruji.

Tena wengine ni kiburi tu. Kuna kaka zetu hapa, nyumba baridi, meno yanagongana, lakini atakaa humo humo akirusha picha za theluji na koti jipya, "maisha mazuri mamtoni". Maktaba haendi, watasema ameshindwa. Siku ya hafla ya Watanzania ndiyo utamwona, suti, na ahadi ya mchango. Chama chetu cha mji kinachangia misiba vizuri mno, sikatai, mtu akifa mwili unafika Kilimanjaro Airport. Akiwa hai na hita imezimwa, hatuna kamati yake.

Nanyi mnaoniandikia kila siku "dada nifanyie mpango wa kea". Njia hiyo imefungwa kwa waombaji wapya walio nje ya nchi tangu 22 Julai 2025. Anayekuuzia cheti cha mwajiri wa kazi ya kea sasa hivi ni tapeli, awe Mzungu, awe mjomba wako. Aliye na nafasi ya chuo, masters ya darasani hairuhusu mume wala watoto tangu Januari 2024, mkubaliane kabla ya tiketi. Ukifika omba chuo barua ya kuthibitisha wewe ni mwanafunzi, nakala kadhaa, na ukiituma kaunsili piga picha ule ujumbe wa "tumepokea", ndio ushahidi wako. Vitamini D meza kila siku, hospitali zao zenyewe zinatushauri sisi wenye ngozi nyeusi tuimeze mwaka mzima. Fika Septemba, mwili uzoee taratibu. Anayetua Januari nimemwona akilia uwanja wa ndege, mwanaume mzima. Na koti usibebe kutoka Dar, linakula kilo zako bure na halitoshi baridi hii. Hizo kilo weka dagaa na unga wa muhogo, koti utalipata huku kwenye maduka ya hisani, zito, la sufu, kwa bei ya mtumba wa soko la Karume.