Skuta yangu na mkanda unaoning'inia

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi foleni ya Ubungo imeshashikana, mimi napita pembeni na skuta yangu, jua bado halijachoma. Raha ya chombo hiki naijua vizuri: kinakunywa mafuta kidogo, na hakuna konda wa kuniambia "dada, sogea nyuma" wakati nyuma kumejaa.

Ila skuta ina matairi madogo. Shimo ambalo Boxer ya bodaboda inalipita bila habari, mimi linanitikisa mpaka mabega. Na mbaya kuliko shimo ni mchanga unaomwagika kwenye malori. Huuoni, mpaka umeshabana breki ya mbele na tairi limeshaserereka. Mvua nayo ina hila zake: dakika za mwanzo ndizo za kuogopa, maana maji huchanganyika na mafuta yaliyodondoka barabarani kabla hayajaoshwa.

Kinachonikera hasa ni helmeti. Abiria anaibandika tu kichwani, mkanda unaning'inia. Akianguka, helmeti inakwenda zake. Shirika la Afya Duniani linasema ikivaliwa sawasawa hupunguza hatari ya kuumia ubongo kwa hadi asilimia 74. Sawasawa ni kufunga mkanda, siyo kuiweka juu ya tangi ikimsubiri trafiki.

Mama ameibatiza skuta yangu jeneza la matairi mawili. Juzi akanipigia: "Mwanangu, ukitoka kazini pitia kwa fundi Manzese unichukulie gauni langu, si una hicho chombo chako?"