Nyota inayozunguka mpaka inatema gesi

Ukimwambia mtu nyota fulani imezungukwa na diski ya gesi, mara nyingi anawaza nyota changa, ile bado inajengeka na gesi inaingia ndani. Sasa nyota za aina iitwayo Be ni kinyume kabisa. Hizo zishakomaa, na gesi ya kwenye diski imetoka kwao wenyewe, wameitema.

Wa kwanza kuigundua mojawapo ni padri Angelo Secchi, Roma, mwaka 1866. Alikuwa anaichunguza Gamma Cassiopeiae, ile ya katikati kwenye W ya kundi la nyota la Kasiopea, akatawanya mwanga wake kuwa rangi akakuta mstari wa haidrojeni unang'aa wakati kwenye nyota nyingi huwa mweusi. Mstari huo unaong'aa ndo hiyo e ndogo kwenye jina Be, na B ni daraja la nyota za bluu zenye joto kali. Ilibidi tusubiri mpaka 1931 ndo mwanaastronomia Otto Struve akasema zinazunguka kwa kasi kiasi kwamba gesi inachomoka pale ikweta.

Na kasi yenyewe si ya mchezo. Jua pale ikweta linaenda kama kilomita 2 kwa sekunde, nyota ya Be iitwayo Achernar inakaribia 300! Wanaastronomia walipoipima kwa kuunganisha teleskopu za VLT kule Chile, matokeo yakatoka 2003, wakakuta imebonyea, yaani tumbo limezidi sana urefu wa kutoka ncha hadi ncha. Halafu kwa sababu ikweta imesogea mbali na kitovu, mvutano pale umelegea na joto limeshuka, ncha zinapita kelvini 17,000 na ikweta haifiki 13,000. Nyota moja, joto mbili, mi hapo ndo huwa naishiwa maneno.

Ila kuzunguka peke yake mara nyingi hakutoshi, nyingi zinakaribia tu ile kasi ambayo gesi ya ikweta ingechomoka yenyewe, bila kuifikia, kwa hiyo lazima kuwe na kitu kinachoongezea msukumo wa mwisho, na anayeshukiwa zaidi ni mitetemo ya nyota yenyewe, mawimbi yakipandana gesi inarushwa, ikishapata mzunguko inasambaa taratibu kwenda nje kwa msuguano wake. Kasi yenyewe nayo, kwa nyingi inaelekea zilipewa na nyota mwenza iliyomwaga gesi yake juu yao zamani.

Kinachonivutia zaidi ni kwamba diski haidumu. Nyota ikiacha kulisha, inapungua mpaka inaweza kupotea, afu baadaye inarudi. Gamma Cassiopeiae iling'aa vibaya mno mwaka 1937, miaka michache tu baadaye ikawa imefifia kuliko kawaida yake. Na Delta Scorpii, ambayo wengi waliichukulia nyota tulivu, mwaka 2000 Sebastián Otero wa Argentina aliona imeongezeka mwanga, kwa macho tu jamani, bila teleskopu! Ilikuwa inajenga diski.

Kwa hiyo anayetaka kuifuatilia hahitaji vifaa. Tafuta kundi la Nge, Antares ni ile nyekundu, pembeni yake kuna nyota tatu zimejipanga kichwani, Delta ndo ya katikati. Ilinganishe na Antares na hizo mbili za jirani, andika tarehe, mwezi ujao angalia tena.