Cicely Williams, daktari aliyewauliza akina mama

Bonyeza dole gumba upande wa juu wa mguu wa mtoto, karibu na vidole, hesabu polepole hadi tatu, kisha liondoe. Rudia mguu wa pili. Shimo likibaki miguu yote miwili, mtoto apelekwe hospitali leo hii, hata kama mashavu yamejaa na mizani inasema yuko sawa. Hayo ni maji, si nyama. Hata utepe wa kupimia unene wa mkono, ambao chini ya sentimita 11.5 huonyesha nyekundu, rangi ya hatari, haufuti shimo hilo.

Ndiyo kwashakoo, na aliyeiingiza katika vitabu vya udaktari ni Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaika, 1893. Oxford ilimfungulia mlango kwa kuwa Vita vya Kwanza vya Dunia vilikuwa vimechukua wanaume, alihitimu 1923. Mwaka 1929 akatumwa Gold Coast, Ghana ya leo, kwa mshahara mdogo kuliko wa madaktari wanaume.

Huko aliona watoto wa mwaka 1 hadi 4 wamevimba miguu, ngozi inabambuka, wamenuna hawataki kuguswa. Akauliza Waga, wenyeji wa huko, wanauitaje ugonjwa huo. Kwashiorkor, akaambiwa: ugonjwa wa mtoto anayepokonywa nafasi mdogo wake akizaliwa. Sisi tuna neno kubemenda, linaloangalia wakati huohuo wa mimba na ziwa, ila lenyewe huwatupia wazazi lawama. Williams aliangalia bakuli: mtoto ameachishwa ziwa, analishwa uji wa mahindi matupu. Aliandika 1933, na 1935 akalichapisha jina lenyewe katika jarida la Lancet.

Wakubwa wakambishia, wakasema ni pelagra, ugonjwa wa ukosefu wa vitamini ya niasini. Lakini vidonda vya pelagra hufuata jua, shingoni na mikononi. Vya kwashakoo haviko hivyo, huchubua hata kinena na matako. Alikuwa sahihi. Utafiti wa baadaye umeonyesha kwamba upungufu wa protini pekee hautoshi kueleza uvimbe, lakini alichokiona wodini hakijapingwa.

Hatari kubwa nyumbani ni huruma ya haraka: mayai, nyama na maziwa mengi siku ya kwanza. Ini limejaa mafuta, moyo umedhoofika, na mzigo huo unaweza kumuua mtoto. Wodini huanza na maziwa maalumu ya tiba yaitwayo F-75, kilokalori 75 kwa mililita 100, kidogo kidogo kila saa 2 au 3, usiku pia. Mtoto afunikwe apate joto. Dawa ya kukojoza maji asipewe, na madini ya chuma yasubiri hadi aanze kuongeza uzito. Hamu ya kula ikirudi na uvimbe ukianza kushuka, ndipo anahamishiwa polepole maziwa yenye nguvu zaidi ya F-100 au siagi ya karanga ya tiba.

Mama aambiwe mapema kwamba siku za kwanza uzito utapungua. Wengi wakiona mizani inashuka hudhani mtoto anazidiwa, wakamtoa wodini, kumbe ni maji yanatoka.