Chenso ilikuwa inakata upinde: jinsi nilivyoinyoosha

Kwenye magogo ya mkaratusi chenso (msumeno wa mnyororo) ilivuta kulia mpaka baa, yaani bamba refu ambalo mnyororo huzunguka juu yake, ikabanwa. Sababu: meno ya kushoto yalikuwa mafupi, na mnyororo huvutwa upande wenye meno marefu.

Nilichomoa waya wa plagi, nikapima jino fupi kuliko yote, mengine nikayanoa yalingane nalo. Mnyororo wa inchi 0.325 (kipimo cha nafasi kati ya viungo vyake) unataka tupa ya duara ya milimita 4.8, pembe ya nyuzi 30, ukisukuma mbele tu. Vinundu vilivyo mbele ya meno, vinavyopima jino liingie kiasi gani kwenye mti, nikavishusha hadi milimita 0.65 chini ya ncha. Ukizidisha, chenso itarukaruka, na hapo ni hatari.

Kingo za baa nazo zilikuwa zimelika upande mmoja. Nikazisawazisha kwa tupa bapa, kisha nikaigeuza baa juu chini.